Ufunguo wa Hénock

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Ni mimi Myriam, yule yule wa kila wiki, na kahawa yangu imeshapoa hapa mezani. Mlio jikoni, punguzeni moto wa sufuria. Mlio ndani ya gari pale Chaussée d'Ixelles mnatafuta pa kuegesha, tafuteni tu, hamtapata, lakini masikio nipeni mimi. Na ninyi ndugu zetu wa Dar na Mombasa, mnaotusikiliza huku mkikicheka Kiswahili chetu cha Kongo, leo sina nguvu ya kutaniana nanyi.

Leo tunamkumbuka Papa Crispin Nday. Papa Crispin Nday, mzaliwa wa Likasi, mkazi wa Molenbeek hapa Brussels, mume wa Maman Yolande. Amefariki akiwa na miaka sitini na minne. Tulimzika jana.

Kwa kawaida hapa ningewaambia kwamba marehemu alikuwa mkarimu, mcha Mungu, mtu wa watu. Wimbo wangu mnaujua. Lakini Papa Crispin alinikataza kuuimba. Mwezi wa kumi na moja aliniita hospitali. Nikamkuta amekauka, shingo imebaki kama ya kuku, ila ulimi bado mzima. Akaniambia: "Myriam, mu kipindi yako kila muntu akifa anakuwa malaika. Mi sitaki. Mi utanisema vile niko."

Nikacheka. Nikamuuliza: "Bon, Papa, uko vipi?"

Akasema: "Funga mulango."

Nikafunga. Akanieleza kwa saa mbili, simu yangu ikirekodi. Yote nitakayosema leo ameyasema yeye, kwa mdomo wake, na baadaye akayatilia sahihi.

Tuanzie Likasi. Papa Crispin aliingia kazi ya reli akiwa kijana. Kule treni inachukua umeme juu, kwenye waya. "Kule unainua macho, unaiona, unaiogopa," aliniambia. "Huku nilifika, nikakuta umeme iko chini, karibu na muguu." Maana alipofika Brussels na papiers zake, hati za ukaazi, zikakubaliwa, alipata kazi kwenye kampuni moja ndogo iliyokuwa ikipeleka watu kusafisha reli. Kampuni hiyo leo haipo tena, na jina lake sina haja nalo.

Ninyi mnaopanda metro kila siku, mmewahi kutazama chini? Kuna reli mbili za magurudumu. Pembeni kuna reli ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo yenye umeme. Treni ina kipande cha chuma kinachosugua reli hiyo na kuchota umeme. Chini ya ardhi hakuna shida. Shida iko nje, kwenye viwanja vya kulaza treni. Majira ya baridi mvua inaganda juu ya reli, barafu inaifunika, chuma cha treni hakigusi. Basi treni inarusha cheche, inashtuka, inasimama, na ninyi mnaanza kutukana kwa lugha zote mnazozijua.

Kuna mashine za kuondoa barafu hiyo. Kuna dawa ya kunyunyiza. Lakini kuna pembe ambazo mashine haifiki vizuri. Hapo anahitajika mtu apige magoti na grattoir mkononi, kile chuma bapa cha kukwangulia. Umeme unakatwa, watu wanashuka, wanakwangua, wanapanda, umeme unarudi kabla ya treni ya kwanza ya alfajiri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Papa Crispin. Aliifanya majira kumi na moja ya baridi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo lote liko hapa. Kabla hujashuka relini, unakwenda kwenye sanduku la umeme na kuning'iniza kufuli lako. Kufuli lina jina lako. Ufunguo ni mmoja, na unao wewe. Makufuli yakiwa manne, watu wanne wako chini. Hata likibaki moja tu, umeme hauwezi kurudi. Na kanuni ni hii: hakuna anayefungua kufuli la mwenzake. Hata kama ni ndugu yake. Hakuna.

Kwenye timu ile alikuwapo Hénock. Hénock alitoka Bukavu, alikuwa na miaka thelathini na miwili, akikaa na mama yake, Maman Claudine, huko Schaerbeek. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Mtu wa vichekesho, mrefu, anapiga magoti relini huku akiimba zaburi kwa sauti mbaya sana. Papa Crispin alisema: "Alikuwa anaimba mbaya, mbaya kabisa! Nilikuwa namwambia, weye, Mungu iko na masikio."

Hénock alikuwa na tatizo la vidole. Baridi ikimshika vinakuwa vyeupe, vinakufa ganzi, hawezi hata kufunga kifungo. Kufuli dogo lile, lenye barafu, lilimtesa. Siku moja Papa Crispin akamwona akihangaika nalo, machozi yanamtoka kwa baridi. Akamwambia: "Leta." Akamfungulia. Kesho yake tena. Wiki ya tatu Hénock hakuhangaika tena. Alimpa ufunguo mapema kabisa, kabla ya kushuka: "Papa, utanifungulia."

Mnaona? Hakuna Mbelgiji ambaye angefanya hivyo. Mbelgiji angemwambia chef, msimamizi wake: vidole vyangu vina shida, nipeni kazi nyingine. Sisi? Sisi tuna papa. Mdogo anamkabidhi mkubwa, mkubwa hamwachi mdogo ateseke. Papa Crispin akazifunga funguo mbili kwa uzi mmoja wa buluu, akazitia mfukoni. Alijiona amefanya jambo la upendo. Na lilikuwa la upendo, ndilo linaloniumiza roho hadi leo.

Tarehe saba mwezi wa pili, miaka tisa iliyopita, ilikuwa Jumanne. Mvua ya barafu ilinyesha usiku kucha. Timu ilikuwa na watu wanne, wote makoti ya njano, wote kofia zimefunika uso. Walikwangua mpaka magoti yakakosa hisia. Chef akaita kutoka juu kwamba muda umekwisha, treni zinatakiwa kutoka. Papa Crispin akapanda. Kwenye ngazi akapitwa na mtu mrefu mwenye koti la njano, akielekea kibandani penye joto. Akadhani ni Hénock. Hakuwa Hénock.

Akafika kwenye sanduku. Akafungua kufuli lake. Akafungua kufuli la Hénock. Wale wengine wawili walikuwa wameshatoa yao. Akageuka, akapaza sauti: "Wote juu?" Mtu kibandani akajibu: "Oui, oui!" Chef akatazama sanduku, halina kufuli hata moja. Akarudisha umeme.

Hénock alikuwa bado chini.

Alikuwa amerudi kuchukua grattoir iliyosahauliwa kando ya reli. Ilikuwa imefungwa utepe mwekundu mpinini. Utepe mwekundu ulikuwa alama ya Papa Crispin. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Papa alisahau kifaa chake, na Hénock akarudi kumchukulia, maana mtu mzima haachwi ashuke ngazi mara mbili.

Alikufa pale pale. Hénock, wa Bukavu, miaka thelathini na miwili.

Nilimuuliza Papa Crispin alifanya nini. Kwenye simu yangu mnaweza kusikia mashine ya hospitali ikipiga pi, pi, pi. Kisha akasema: "Bantu bote balikimbia chini. Mi nilibakia peke yangu. Funguo yake iko mu mukono yangu. Niliiangalia. Nikaona bibi yangu Yolande. Nikaona papiers. Nikaona prison. Njo nikakata ule uzi. Sac ya Hénock ilikuwa pale ku ukuta. Nikatia funguo ndani."

Ndani ya begi lile mlikuwa na chenza moja, imefungwa vizuri kwenye karatasi. Maman Claudine alikuwa amemfungia mwanawe. Papa Crispin aliiona. Akauweka ufunguo kando yake.

Basi wachunguzi walipokuja, waliona kufuli la Hénock limefunguliwa na ufunguo wa Hénock umo kwenye begi la Hénock. Wakaandika walichokiona: mfanyakazi alifungua kufuli lake mwenyewe, kisha akarudi relini. Papa Crispin aliulizwa. Alijibu kwamba hakuona kitu.

Na sisi? Sisi tulimalizia. Jumamosi ile kulikuwa na harusi ya Wakongo, Hénock alionekana akicheza. Mmoja akasema alikunywa. Wa pili akasema alikunywa sana. Kufikia wiki ya mazishi, Schaerbeek nzima ilijua kwamba mtoto wa Maman Claudine alikwenda kazini amelewa. Alicheza harusi Jumamosi, akafa Jumanne! Hiyo ni pombe gani, jamani, ya siku tatu? Hakuna aliyehesabu.

Na hapa niseme langu. Kumbukumbu ya Hénock ilisomwa kwenye kipindi hiki hiki. Niliisoma mimi. Nimeutafuta mkanda wiki hii, nimeusikiliza. Mwishoni, pale ninapowaomba mtafakari, nilisema: "Vijana wetu, tuache pombe kabla ya kazi." Sikutaja jina. Sikuhitaji. Maman Claudine alikuwa akinisikiliza jikoni kwake. Papa Crispin alikuwa akinisikiliza Molenbeek, na hakunipigia simu.

Aliacha kazi ya reli mwezi uliofuata. Akapata kazi ya bohari. Maman Yolande anasema kuanzia hapo mumewe hakukaa tena karibu na dirisha baridi ikianza. Akisikia barafu kwenye taarifa ya hali ya hewa, anaamka gizani, anavaa, anaondoka. Maman Yolande alidhani ana mwanamke. "Nilimufuata siku moja," aliniambia. "Nilipanda tram nyuma yake, nimejifunika foulard kama mwizi. Nikafika Schaerbeek. Nikamukuta iko magoti mbele ya mulango ya Maman Claudine, anakwangua trottoir."

Mnaijua sheria ya commune, manispaa yetu: barafu ya trottoir, njia ya miguu iliyo mbele ya mlango wako, ni kazi yako. Maman Claudine ana mgongo mbovu, na aliyekuwa akimfanyia hayo alikuwa amezikwa. Kwa hiyo majira tisa ya baridi, kila palipoganda, Papa Crispin alitoka Molenbeek na tram ya kwanza, akaenda Schaerbeek, akakwangua, akamwaga chumvi. Grattoir aliiacha pale pale, nyuma ya mlango. Maman Yolande alirudi nyumbani akilia kwa furaha kwamba Mungu amempa mume mwenye roho nzuri. Hakuuliza zaidi.

Na Maman Claudine kila mara alifungua dirisha, akampa kikombe cha chai ya tangawizi. "Papa Crispin, Mungu akubariki. Batu bote balinikimbia, weye tu unakuyaka hapa kwangu."

"Ile chai, Myriam," Papa alisema. "Niliikunywa yote, kila mara. Ningekataa namna gani? Inaniunguza mpaka leo."

Siku moja Maman Claudine alimuuliza hapo dirishani, akiwa ameshika kikombe tupu: "Papa, weye ulikuwa naye. Mutoto wangu alikuwa amelewa?" Hebu fikirini. Mama anakuuliza wewe, uliyekuwapo. Neno moja tu lingetosha. Papa Crispin akaangalia chini, akasema: "Maman, tumwachie Mungu." Aliniambia kwamba kati ya yote aliyofanya, hilo lilimtesa kuliko ufunguo.

Aliponimalizia habari hii hospitali, alitaka kitu kimoja. Nisubiri afe, kisha nitangaze kwamba Hénock hakufungua kufuli lake. Nilikasirika, wasikilizaji wapendwa, sitawaficha. Alikuwa mgonjwa, mipira puani, na mimi nikampandishia sauti. Nikamwambia: "Papa, yule mama asikie jambo hili kwenye redio? Tena kwenye redio yangu, iliyomtukania mtoto? Apana. Mwite. Mwambie machoni."

Akasema: "Naogopa, mwanangu."

Nikamwambia ogopa, lakini mwite.

Aliogopa wiki sita. Mwanzoni mwa mwezi huu akamwita. Kwanza alimwambia Maman Yolande, na Maman Yolande akakaa kwenye kiti cha hospitali mpaka mgeni alipobisha. Maman Claudine aliingia na chai ya tangawizi kwenye chupa. Papa Crispin akamwomba akae. Akamweleza. Ufunguo, uzi wa buluu, koti la njano, grattoir yenye utepe mwekundu, begi, chenza. Akamwambia: "Mutoto yako hakunywa. Mutoto yako hakukosea. Alirudi juu yangu, sababu ya grattoir yangu."

Maman Claudine hakulia. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Ile chenza, uliiona?"

"Niliiona, Maman."

Akasimama. Akavaa koti, mkono mmoja ukaingia, wa pili ukakataa, akaondoka nalo hivyo hivyo, nusu limevaliwa. Chupa ya chai aliiacha mezani. Hakuna aliyeifungua.

Papa Crispin aliishi siku tisa zaidi. Kila mlango ulipofunguka aligeuza kichwa. Aliyeingia alikuwa nesi. Au padri. Au mimi. Maman Claudine hakurudi. Siku ya nane Papa Crispin aliandika barua kwa wale wachunguzi, kwa mkono wake mwenyewe, akatia sahihi. Siku ya tisa alifariki, alasiri, mvua ikinyesha. Hakupata jibu lolote, wala la wachunguzi wala la mama.

Jana ilikuwa mazishi. Mliokuja mlikiona kilichoanguka kutoka mbinguni asubuhi: mvua ya barafu, trottoir zote za Molenbeek zinang'aa. Maman Yolande aliamka kabla ya saa moja. Akasikia mlio mbele ya nyumba. Krr. Krr. Aliniambia: "Nilijua ni yeye. Kwa dakika moja nilisahau amekufa, nikataka kumwambia avae kofia."

Akafungua mlango. Alikuwa Maman Claudine. Mgongo mbovu, magoti juu ya kipande cha karatasi ngumu, mkononi ile grattoir iliyokaa nyuma ya mlango wake miaka tisa. Kando yake pakiti ya chumvi ya jikoni.

Maman Claudine hakuinua uso. Akasema: "Sijasamehe. Usiniulize. Batu banakuya kubeba maiti, batateleza."

Akaendelea kukwangua mpaka barabarani, mahali gari la maiti lingesimama. Maman Yolande akaingia ndani, akachemsha chai ya tangawizi, akamletea. Maman Claudine akaiweka kwenye ngazi. Hakuinywa. Alipomaliza aliegemeza grattoir ukutani na kwenda zake kituo cha tram. Tulibeba jeneza saa nne na hakuna aliyeteleza. Kikombe kilikuwa bado pale kwenye ngazi, kimejaa.

Wasikilizaji wapendwa, nayarudia ili hata aliyechelewa kufungua redio asikie. Hénock hakufungua kufuli lake. Kufuli la Hénock lilifunguliwa na Papa Crispin Nday, kwa makosa. Ufunguo uliwekwa kwenye begi na Papa Crispin Nday, kwa woga. Hénock hakuwa amelewa.

Maman Yolande, pole sana. Umempoteza mume, na umempoteza mara mbili katika mwezi mmoja. Familia yote ya Nday, hapa na Likasi, poleni. Sitawaambia alikuwa malaika, alinikataza. Nitawaambia alisema ukweli akiwa amechelewa, na kuna wengi wetu tutakaozikwa bila kuusema kabisa.

Maman Claudine wa Schaerbeek, kwako nina pole ya miaka tisa. Na nina msamaha wa kuomba, si wa redio, wa kwangu mimi Myriam. Nilikupigia simu jana jioni. Hukunijibu habari ya msamaha, na ni haki yako. Ulinipa tangazo tu, nami nalisoma kama ulivyolitamka.

Tarehe saba mwezi wa pili, siku ya Jumamosi, saa tano asubuhi, kutakuwa na misa ya Hénock katika parokia yake ya Schaerbeek. Maman Claudine anasema: "Bale bote balisema mutoto wangu alikuwa mulevi, bakuye. Sitabafukuza. Lakini baikale mbele, nibaone."

Safari hii siwaambii mtafakari nini. Kila mtu anajua alichokisema miaka tisa iliyopita, na alikisema wapi, na nani alicheka. Mimi nitakaa mbele. Nitawahi kufika, kwa sababu viti vya mbele havitatutosha.